Jibu Lililobaki Nyuma ya Karatasi

Alhamisi, siku tatu kabla ya ibada ya kukumbuka moto, Mama Mukabalisa aliingia katika ofisi ya kanisa, akaketi kabla sijamkaribisha, akaniomba nimchagulie marehemu mumewe dhambi.

“Wewe njo unaandikaka barua za batu,” aliniambia. “Unajua zambi yenye Pasta anakubali. Unipatie moja yenye haina haya mingi. Mutoto atakuwa pale, anasikia.”

Nilikuwa nimeshashika kalamu. Nikamuuliza, kwa ile sauti yangu ya ofisini ambayo leo nikiikumbuka natamani kujipiga kofi, kama anapenda uchawi, uzinzi au wizi.

“Wizi,” alisema. “Ya kitambaa. Ba fundi bote banabakishaka kitambaa kidogo. Batu habatashangaa.”

“Na kweli aliiba?”

“Nsengimana?” Alicheka kidogo, bila furaha. “Ule mutu alikuwa anarudishia batu mpaka vifungo.”

Mimi ni Ernestine, katibu wa kanisa letu dogo hapa Katindo. Katibu kwetu ni mtu anayefanya kila kazi ambayo wazee wa kanisa hawataki kuifanya: anafagia, anapiga chapa, anaandika barua, anatafsiri. Hasa anatafsiri. Pasta Onésime alisomea Kinshasa, Biblia yake ni ya Kifaransa, na waumini wetu wengi Kifaransa chao hakifiki mbali zaidi ya salamu. Kati ya kitabu chake na masikio yao nilikuwa nimesimama mimi, na nilijivuna sana kusimama hapo.

Nsengimana alikuwa fundi cherehani wa mtaa wa Birere. Januari 2002 mlima wa volkano ulipopasuka na moto wa mawe yaliyoyeyuka kushuka kutoka Nyiragongo, ukapita uwanja wa ndege, ukakata mji katikati mpaka ziwani, yeye alikwisha kutoka nyumbani na mkewe na binti yao. Wakiwa njiani kuelekea Gisenyi, ng'ambo ya mpaka, alirudi kuchukua cherehani. Hakuonekana tena. Hapakuwa na mwili wa kuzika. Pale palipokuwa na nyumba yake pamelala jiwe jeusi, limemeza nyumba mpaka madirishani, na watu wanapita juu yake wakienda sokoni.

Tuliporudi kutoka Gisenyi, majivu yakiwa bado moto chini ya kandambili, Pasta aliniletea Biblia yake. Alikuwa ametia alama za penseli kwenye vipande kumi na viwili, hapa anza, hapa ishia. Alisema Biblia za watu zimeungua, kwa hiyo wapate angalau kijitabu cha kushika mkononi. Nikatafsiri, nikapiga chapa kwenye stensili za mwisho tulizokuwa nazo, tukatoa nakala mia mbili. Kipande cha saba ndicho kilichopendwa. Yesu anawauliza watu swali: Je, wale kumi na wanane walioporomokewa na mnara kule Siloamu wakafa, mnafikiri makosa yao yalizidi ya watu wengine wote wa Yerusalemu? Alama ya penseli iliishia hapo, chini kabisa ya ukurasa. Nami nikaishia hapo.

Sasa, kanisa letu halijui kuacha swali likae. Ndivyo tulivyozoea: mhubiri anauliza, watu wanajibu, na anayejibu kwa nguvu ndiye mwenye imani. Jumapili ile ya kwanza Pasta alisoma kipande cha saba, akanyamaza, akainua mkono. Kanisa zima likajibu, “Ndiyo!” Akauliza tena. “Ndiyo!” Ngoma ikapigwa. Watu walilia, wengine walianguka chini. Nilikuwa nimesimama kando yake na mimi nikajibu ndiyo, tena kwa sauti kubwa, kwa sababu nyumba yetu haikuungua. Nisidanganye. Nilifurahi kusikia kwamba moto ulikuwa unajua unapokwenda.

Kutokana na ile ndiyo ikajengeka dini nzima. Moto ulichagua, tukafundishwa. Nyumba iliyoguswa ina neno lililofichwa. Mwenye nyumba hatashiriki meza ya Bwana, na kilio cha aliyekufa hakitamalizwa kwa sala ya kanisa, mpaka familia ilete barua ya toba inayotaja dhambi iliyoita moto, isomwe mbele ya wote. Waasi waliokuwa wakitawala mji hawakulalamika hata kidogo. Kwa nini walalamike? Watu walikuwa na njaa, barabara ya Rutshuru ilikuwa haipitiki bila kuporwa, vijana wanachukuliwa kwenda vitani, na huku kanisani tunawafundisha watu wajilaumu wenyewe. Tuliwapunguzia kazi.

Barua zote niliziandika mimi, ishirini na tatu. Ya kwanza ilikuwa ya Kambale, dereva wa lori la Butembo, ambaye nyumba yake ya mtaa wa Virunga iliteketea. Wazee wa kanisa walikaa naye siku mbili wakimuuliza, mpaka akamtaja mkewe, Masika, kwamba labda alikuwa anatoka nje ya ndoa akibaki peke yake. Labda. Neno hilo nililiondoa, barua ikasomeka vizuri zaidi. Masika alirudishwa kwao Butembo na mtoto mgongoni, na Pasta akanisifu mbele ya watu kwa mwandiko wangu.

Mukabalisa peke yake alikataa. Miaka miwili alikaa benchi la nyuma na nguo yake nyeusi, hapewi mkate, hapewi kikombe, na jina la mumewe halitajwi tulipowaombea marehemu. Sasa wakwe zake wa Rutshuru walikuwa wamechoka. Shemeji yake, Nsabimana, alituma neno kwamba kilio cha ndugu yao kimalizwe mwaka huu kwa sala, la sivyo watamchukua binti, Igiraneza, mwenye miaka kumi na minne. Hawakutaka mtoto wao akulie katika nyumba yenye kesi na Mungu. Kwa hiyo mwanamke huyu alikuwa amekuja kumpaka mumewe wizi ili abaki na mtoto wake.

“Kama kuna zambi, ni yangu,” aliniambia nilipoanza kuandika. “Mi njo nilimutuma arudilie mashini. Nilimuambia, tutakula nini kule Gisenyi? Nilisema hii kwa bazee ba kanisa.”

“Walisema nini?”

“Eti hii haiko zambi, ni bahati mbaya. Banataka zambi ya kweli.”

Kila barua ya toba huanza na kipande cha saba. Kijitabu changu kilikuwa kimechakaa, ukurasa huo umenyofoka kwa kusomwa, basi nikafungua kabati nikatoa Biblia ya Pasta. Nikapata mahali, penseli bado inaonekana. Nikawa namtafsiria kwa sauti huku nanakili, nikafika Yerusalemu, nikaweka nukta yangu ya kuuliza.

Mukabalisa alikuwa ananitazama mkono. “Ernestine,” alisema, “iko inaisha pale? Yesu aliuliza tu, akajiendea?”

“Inaishia hapa, mama.”

“Haa. Mi nikiulizaka mutu neno kama ile, siondokake kama sijasikia jibu.”

Miaka miwili. Watu mia mbili wenye vijitabu. Wazee wa kanisa saba. Wapo waliokuwa na Biblia zao nzima, za Kiswahili, zimo majumbani hadi leo zimefunikwa vitambaa vya kufuma. Hakuna hata mmoja aliyeuliza. Aliuliza mwanamke wa benchi la nyuma ambaye shule aliiacha darasa la tatu.

Niligeuza karatasi.

Jibu lilikuwa pale juu, mstari wa kwanza kabisa wa ukurasa wa pili. La. Ninawaambia, siyo hivyo. Kisha anawageukia wao waliokuwa wanamsikiliza, wazima, wenye nyumba zao, anawaambia kwamba wasipobadilika mioyo wataangamia pia, wote.

Nilisoma mara tatu. Mukabalisa akaniuliza, “Inasema nini?”

Na mimi, Ernestine, mtu wa kanisa tangu utoto wangu, nilifunga kitabu nikamwambia, “Hakuna kitu, mama. Inaishia pale. Kuja Jumapili, barua itakuwa tayari.”

Aliniaga kwa adabu, akanishukuru. Wizi nilioutafuta katika nyumba ya Nsengimana nilikuwa nimeufanya mimi mezani pangu mchana kweupe, na mwenye mali akanishukuru. Sijawahi kujichukia kiasi kile. Lakini nilikuwa na hofu: kama ni kosa langu, nitaishi wapi na barua ishirini na tatu?

Ijumaa nikaenda kwa Pasta, mtaa wa Himbi, kule chini ambako moto haukufika. Alikuwa anakunywa chai barazani. Niliifungua Biblia yake mbele ya kikombe chake, nikaonyesha alama ya penseli, nikageuza karatasi, nikaonyesha jibu. Nilitaka ashtuke. Nilimwomba Mungu ashtuke.

Alikoroga chai.

“Nilifuata ukurasa mpaka ulipoisha,” alisema. “Ilikuwa siku mbaya, Ernestine. Sikulala siku nne. Sikugeuza.”

“Basi Jumapili tuwaambie.”

“Niligeuza baadaye.”

“Lini?”

“Mwaka ule ule. Mwezi wa sita. Barua zilikuwa zimeshafika kumi na moja.”

Nilihesabu kichwani bila kutaka. Kumi na mbili ziliandikwa akijua. Alinisomea mwenyewe baadhi, akanirekebishia maneno.

“Écoute, sikiliza,” alisema, na sasa sauti ilikuwa laini, ile anayotumia kwa wafiwa. “Watu walinijia wanauliza sababu. Kila mutu, sababu, sababu. Ningewaambia hakuna? Ungebaki na kanisa gani? Na soma vizuri, pale mbele anasema watu watubu. Ni ile nafanya. Natubisha watu.”

“Anasema wote, Pasta. Waliokufa hakuwataja tena. Anawaambia wale waliosimama wanamsikiliza. Ni wewe na mimi.”

“Unapandisha sauti.”

“Napandisha.”

“Kwa nyumba yangu.”

“Kwa nyumba yako yenye haikuungua!”

Alisimama. Aliniambia nirudishe Biblia kabatini, niandike barua ya mama yule, kilio kimalizwe, mtoto abaki kwa mama yake, kila mtu aende nyumbani na amani. Neno moja la wizi juu ya mtu aliyekufa, alisema, linamuumiza nani? Nilitoka bila kuaga. Nilitembea kutoka Himbi mpaka Birere kwa miguu, nikasimama juu ya lile jiwe jeusi karibu na mahali palipokuwa na kibanda cha Nsengimana, nikalia kwa hasira, na wauza mkaa wakanipisha wakidhani nimefiwa.

Jumapili kanisa lilijaa. Ilikuwa tarehe kumi na nane, siku moja baada ya miaka miwili kamili. Kwenye mabenchi ya mbele walikaa wakubwa wapya wa mji, wale wale waasi wa jana, sasa wamevaa suti. Nsabimana alikuwa amekuja na watu watano kutoka Rutshuru. Mukabalisa aliketi nyuma na Igiraneza, na binti alikuwa amesukwa vizuri, gauni limepigwa pasi, kama mtu anayepelekwa kuonyeshwa.

Pasta alinikabidhi kijitabu chake. Desturi ni mimi nisome kipande cha saba, kisha barua. Barua nilikuwa nayo. Niliiandika kweli, wizi wa vitambaa, kila mstari, kwa sababu nilikuwa bado sijui kama nina moyo.

Nikasoma. Wale kumi na wanane. Mnara. Mnafikiri makosa yao yalizidi ya watu wengine wote wa Yerusalemu?

“Ndiyo!”

Sauti ilipiga mabati ya paa. Nilikuwa nimesikia ndiyo hiyo mara mamia, lakini siku ile nilimtazama mtu mmoja mmoja akiitoa. Nsabimana alisema ndiyo juu ya ndugu yake. Igiraneza alisema ndiyo juu ya baba yake, kwa sauti safi ya mtoto wa kwaya. Na Mukabalisa, macho chini, midomo yake ilisema ndiyo pia.

Hapo hofu ikaniisha. Iliyobaki ilikuwa hasira tupu.

Niliweka kijitabu chini, nikachukua Biblia ya Kifaransa pale juu ya mimbari, nikaifungua. “Ngojeni,” nilisema. “Bado hajamaliza kusema. Mnamjibia nini?” Nikainua kitabu wote waone, nikageuza karatasi polepole, nikatafsiri. “La. Ninawaambia, siyo hivyo.”

“Amina!” akaitikia mzee mmoja mbele, kwa mazoea, na wengine wakamfuata, amina, amina. Hawakuwa wamesikia. Nilipiga mimbari kwa kiganja.

“Siyo amina! Sikieni! Yesu aliuliza, je, waliokufa walikuwa wabaya kuliko ninyi? Akasema hapana. Hapana! Iko hapa, ilikuwa hapa siku zote. Mimi niliiacha nyuma ya karatasi, na sisi tukaweka ya kwetu.”

Pasta aliwapungia kwaya mkono. Ngoma ikaanza, wimbo wa shangwe, ule unaopigwa mtu akikufuru au akipandwa na pepo. Nilisoma tena juu ya ngoma. Mzee wa kanisa mmoja alinishika kiwiko, nikamsukuma, akaangukia vikapu vya sadaka. Walionijua maisha yao yote walikuwa wananiangalia kama mgonjwa. Nikaona nimeshindwa, kwamba mtu mmoja hawezi kuipita sauti ya ngoma.

Kisha ngoma moja ikanyamaza, na ya pili. Mukabalisa alikuwa anakuja katikati ya mabenchi. Mjane wa nguo nyeusi akitembea kuelekea mbele, kwetu hakuna anayempigia ngoma. Alifika, akanyoosha mkono, nikampa barua. Hakuifungua.

“Siku ile kwa ofisi nilikuuliza,” alisema. “Ulisema hakuna kitu.”

“Ndiyo, mama. Nilikudanganya.”

“Soma tena. Ile ya hapana.”

Nikasoma. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama anayesikiliza hesabu ya dawa hospitali. Halafu alimgeukia Pasta. “Na wewe ulijua?”

Pasta Onésime alisema kwamba Neno la Mungu ni pana. Alisema hivyo kweli. Mukabalisa aliwageukia watu, wakwe zake na wakubwa wenye suti na sisi wote.

“Mi ni mutu bila masomo. Nitauliza sawa Yesu aliuliza. Nsengimana, fundi, alikuwa na zambi kupita ninyi?”

Kanisa lisilojua kuacha swali likae liliacha hilo likae. Watu walitazama viatu vyao. Mtoto mchanga alilia, akanyonyeshwa. Nilifungua mdomo, lakini Mukabalisa alininyamazisha kwa kidole. Jibu langu hakulitaka.

“Hapana,” alisema Igiraneza kutoka benchi la nyuma.

Nsabimana alisimama. Nilidhani anakwenda kumchukua Igiraneza. Alivua kofia yake, akaishika kifuani, akasema kwa Kinyarwanda kwamba ndugu yake alale salama, na wale watano wakaitikia. Ndivyo kilio cha Nsengimana kilivyomalizwa, bila mkono wa Pasta, kwa maneno matatu au manne. Mukabalisa alifungua kitambaa cheusi kichwani, akakikunja, akakiweka juu ya Biblia mkononi mwangu. Nilitaka kumwomba msamaha. Nilianza.

“Acha,” alisema. “Barua ngapi?”

“Ishirini na tatu.”

“Basi zunguka. Nyumba na nyumba. Ubasomee.”

Akamshika binti yake mkono, wakatoka.

Jumatatu nilianza na barua ya kwanza. Kambale nilimkuta mtaa wa Virunga, juu ya jiwe lililofunika nyumba yake, anavunja mawe hayo hayo kwa nyundo ajenge nyingine. Nilimsomea swali, nikageuza karatasi, nikamsomea jibu. Nikamweleza kuhusu penseli, kuhusu ukurasa, kuhusu neno labda nililoliondoa katika barua yake juu ya mkewe. Aliweka nyundo chini, akajifuta vumbi usoni kwa mkono wa shati.

“Na Masika?” aliniuliza.

Nilikuwa nimekwenda kwake na jibu moja tu, na alikuwa ameshalisikia.